Sura ya Saba: Hema la Watoto Wawili

Sajini Kamanthe alipofika kambini, watu walikuwa wameshampata mkosaji wao.

Walikuwa wamemfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya geti. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu aliyevaa koti la jeshi lililochujuka, na damu ilikuwa imekauka juu ya jicho lake la kushoto. Vijana wapatao ishirini walimzunguka. Mmoja alikuwa ameshika tairi kuukuu. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumapili, na ukungu ulikuwa bado umekishikilia kilima.

"Hiyo tairi ni ya gari gani?" Kamanthe aliuliza.

Kijana alilitazama tairi, kisha wenzake.

"Kama haina gari, weka chini. Konstebo Levi, andika jina la kila mtu aliye karibu na huyu mzee. Jina na nambari ya kitambulisho."

Levi akatoa daftari. Kabla hajamaliza jina la tatu, umati ulikuwa umerudi nyuma hadi barabarani, na tairi limebaki peke yake kwenye nyasi. Kamanthe alimfungua mzee mwenyewe. Fundo lilikuwa limekazwa na mtu aliyezoea kufunga ng'ombe.

Mzee aliitwa Nzomo. Alikuwa soja, mlinzi wa hiyo kambi ya wasafiri; mwenye kambi aliishi Nairobi na alikuja mara moja kwa mwezi. Kosa la Nzomo lilikuwa kwamba alikutwa na sandali moja ya mtoto mfukoni mwa koti, asubuhi ambayo mtoto wa miaka mitatu na nusu alikuwa ametoweka kutoka ndani ya hema.

Levi alikuwa amekwisha kumweleza Sajini mengine wakiwa njiani. Familia ilitoka Mlolongo. Baba aliitwa Gikonyo, mwalimu wa udereva. Mama aliitwa Njambi, muuguzi wa kliniki. Walikuwa na watoto wawili: Wanja, miaka saba, na Ndungu, huyo aliyepotea. Ilikuwa safari ya siku nne waliyomwahidi Wanja tangu alipomaliza gredi ya kwanza. Wangelala hapa Kola, kisha mji wa Wote, kisha Kibwezi, halafu warudi nyumbani kwa barabara ya Mombasa. Mahema yalikuwa ya kuazima. Kubwa lilikuwa la wazazi na dogo la watoto, na kati yao kulikuwa na hatua tano tu. Saa kumi na mbili asubuhi Gikonyo alipiga mayowe. Zipu ya hema dogo ilikuwa wazi, Wanja amelala, Ndungu hayupo.

Wanakijiji walitafuta hadi kwenye korongo. Wengine walisema fisi. Mpaka mtu alipoona sandali.

* * *

Njambi alikuwa ameketi juu ya jiko la gesi lililozimwa, bado na sweta ya kazini. Hakuwa analia. Alikuwa amefika mahali palipopita kilio.

"Pole, Mama Wanja," Kamanthe alisema, akachuchumaa mbele yake. "Nitakuuliza vitu vidogo vidogo. Vingine utaona havina maana. Jibu tu. Mara ya mwisho ulimwona Ndungu lini?"

"Jana jioni. Hapa."

"Mlikuja pamoja?"

"Hapana. Mimi nilikuwa na shifti mpaka saa nane. Baba Wanja alitangulia na watoto, mimi nikakuja na matatu hadi Machakos, halafu pikipiki. Nilifika kama saa moja hivi. Walikuwa wameshalala."

"Wote wawili?"

"Wote. Nilifungua zipu kidogo nikamulika na simu. Wanja alikuwa huku, Ndungu kule kwa ukuta. Wamefunikwa."

"Uliona uso wake?"

Njambi aligeuka kulitazama hema dogo.

"Baba Wanja aliniambia nisiwaamshe. Alisema safari imewachosha."

"Ulimgusa?"

"Hapana." Aliitazama mikono yake kama vile ilikuwa ya mtu mwingine. "Sikumgusa."

Kamanthe aliandika, akainuka, akaenda kwenye hema dogo. Alivaa glavu, akaingia kwa magoti. Kulikuwa na magodoro mawili membamba ya sponji. La kulia lilikuwa limebonyea, lina nywele mbili ndefu na makombo ya biskuti. La kushoto, lile la ukutani, lilikuwa nyororo. Juu yake palikuwa na blanketi la rangi ya machungwa, na chini ya blanketi begi la nguo lililolazwa ubavu, na sweta mbili zimekunjwa mviringo mahali pa kichwa. Ukilitupia jicho haraka ungesema begi limesukumwa tu kando. Hakuligusa mpaka Levi alipolipiga picha.

Aliweka kiganja juu ya godoro. Lilikuwa kavu.

"Mama Wanja," aliita kutoka ndani. "Ndungu bado anakojoa kitandani?"

"Bado. Usiku lazima nimvalishe nepi. Nilinunua paketi mpya Ijumaa, nikaiweka kwa begi yake ya bluu."

Begi la bluu lilikuwa hilo hilo lililokuwa chini ya blanketi. Kamanthe alivuta zipu. Paketi ya nepi ilikuwa juu kabisa, na plastiki yake haijachanwa hata kwa ukucha.

"Kuna paketi nyingine? Labda kwa gari?"

"Ni hiyo tu, afande. Kwa nini?"

"Nauliza tu," Kamanthe alisema.

* * *

Mbwa wa polisi aliletwa kutoka Machakos saa nne. Mshika mbwa, konstebo mnene asiyependa maneno mengi, alimnusisha sweta ya mtoto iliyotoka kwenye begi. Mbwa alizunguka hema dogo mara mbili, akaingia, akatoka, akapiga chafya. Kisha akavuta kamba moja kwa moja mpaka kwenye gari la Gikonyo, Probox ya kijivu iliyoegeshwa karibu na geti. Alinusa mlango wa nyuma wa kushoto, akaketi.

"Harufu iko hapa," mshika mbwa alisema. "Kwa hema hakuna."

"Na kama alibebwa kutoka garini hadi hemani?"

"Angebebwa, halafu angelala. Masaa kumi juu ya godoro ya watu wengine, lazima angeacha kitu. Huyo mtoto hakulala hapo, Sajini."

"Usimwambie mtu yeyote," Kamanthe alisema. "Hata hao wa kanisa wanaoomba pale."

Alimwita Nzomo nyuma ya choo, mahali ambapo umati haungewaona, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Wakya."

"Aa," mzee alijibu, akigusa jicho lake.

"Sasa niambie ukweli, mzee. Ulisema ulikesha hapa getini. Ni kweli?"

Nzomo alitazama viatu vyake.

"Si kweli, mwiitu, binti yangu. Kuna matanga kwa jirani, huko chini. Nilitoka hapa saa nne usiku, nikarudi saa kumi na moja. Sikusema kwa sababu tajiri akisikia nitafutwa kazi."

"Watu walikuwa karibu kukuchoma moto na bado ukaficha hiyo?"

"Kuchomwa ni siku moja. Kukosa kazi ni kila siku."

Kamanthe alifungua ukurasa mpya wa daftari.

"Na sandali?"

"Niliiokota jana jioni. Nilikuwa nawasaidia kushusha mizigo. Ilianguka mlango wa nyuma ulipofunguliwa. Nikaiweka mfukoni nimpe mtoto asubuhi akiamka."

"Mtoto mwenyewe ulimwona?"

"Msichana nilimwona. Huyo mdogo sikumwona. Baba yake alisema amelala kwa gari, ataenda kumbeba mwenyewe. Mimi niliandika watoto wawili kwa mdomo wake."

Alimletea kitabu cha geti. Mwandiko wa Nzomo ulikuwa mkubwa na wa uangalifu: jina la Gikonyo, nambari ya gari, watu wakubwa wawili, mmoja wao wa kufika jioni, watoto wawili, saa kumi na dakika ishirini na tano. Kamanthe alisoma ule wakati mara mbili. Kisha akaangalia sandali ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilikuwa ya plastiki, ya kijani, ya mguu wa kushoto. Ya kulia haikuwa hemani, wala kwenye begi, wala garini.

* * *

Gikonyo alikuwa mtu mrefu, nadhifu hata katika janga. Shati lake lilikuwa limechomekwa. Alikuwa amezunguka kilima na wanakijiji tangu alfajiri, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita jina la mtoto.

"Mliondoka Mlolongo saa ngapi?" Kamanthe alimuuliza.

"Saa tatu asubuhi."

"Mkafika hapa saa kumi na nusu. Mimi ningetumia saa mbili. Na msongamano, tatu."

"Tulipata pancha pale Kyumvi. Watoto walikuwa na njaa, tukakaa kidogo."

"Gurudumu gani?"

"La nyuma. Kulia."

"Ulipata fundi?"

"Fundi wa nini, afande? Mimi nafundisha watu kuendesha gari. Siwezi kushindwa na gurudumu."

"Kwa hivyo uliweka la akiba."

"Ndiyo."

"Basi hilo lenye pancha ndilo liko kwa buti sasa."

Gikonyo aligeuka kulitazama gari.

"Ndiyo," alisema.

"Naomba ufunguo."

Aliutoa. Hakuwa na namna ya kukataa mbele ya watu wote wale. Levi alitoa mizigo kwenye buti, akainua ubao wa sakafu. Gurudumu la akiba lilikuwa limejaa hewa mpaka likalia kama ngoma alipoligonga. Utando wa buibui ulikuwa umeunganisha ukingo wake na jeki, na jeki ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa kiwandani. Levi alizunguka magurudumu yote manne. Nati zilikuwa na kutu sawasawa.

"Sajini," Levi aliita kwa sauti ndogo. "Kuna kitu kingine."

Chini ya gurudumu, bahasha ya kaki ilikuwa imekunjwa mara nne. Ndani yake kulikuwa na karatasi moja ya maabara ya Nairobi, yenye tarehe ya Jumatano. Kamanthe aliisoma akiwa amewapa watu mgongo. Maneno mengi yalikuwa ya kitaalamu, lakini mstari wa mwisho ulieleweka na mtu yeyote: Gikonyo hakuwa baba mzazi wa mtoto Ndungu.

Levi alisoma juu ya bega lake. Alikuwa na miaka miwili kazini, na mtoto wa miezi minane nyumbani.

"Tuitishe majembe?" aliuliza.

Kamanthe alitazama kilima, vichaka vyake na makorongo yake, na barabara yote ile kati ya Mlolongo na hapa, yenye saa tano zisizo na maelezo.

"Bado," alisema. "Kuna mtu mmoja hapa ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza kitu."

* * *

Wanja alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, miguu haifiki chini, na kipande cha mkate mkononi ambacho hakuwa anakula. Sheria ilitaka mzazi au mlezi wa mtoto awepo. Kamanthe alimwomba Njambi aketi nyuma ya kiti, asiseme neno lolote, hata akisikia nini. Kisha yeye mwenyewe akaketi kwenye nyasi.

"Wanja, mimi naitwa Kamanthe. Unapenda kusafiri?"

"Ndiyo."

"Jana mlipita wapi?"

"Mahali mingi."

"Mlisimama?"

"Tulisimama penye kuna mbuzi. Wengi, hadi kwa barabara. Gari haingepita. Baba akapiga honi, na mbuzi hawajui honi."

"Hawajui kweli. Na kulikuwa na nini kingine?"

"Mlima wa nguo. Nguo za watoto. Mama mwenye buibui alikuwa anauza. Na kaimati. Mimi nilikula kaimati tano."

"Na Ndungu alikula ngapi?"

Wanja aliukunja mkate kati ya vidole.

"Baba alisema hiyo ni siri."

"Siri ya kumficha nani?"

"Mama. Ni saprais. Ndungu ameenda kwa shosho, na mama akikuja atafurahi." Aliutazama mkate. "Lakini mama alikuja hakufurahi. Asubuhi akalia. Nikamwangalia baba, baba akafanya hivi." Aliweka kidole kwenye midomo.

Nyuma yake, Njambi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Nyanya wa kwanza wa watoto, mama yake mwenyewe, alikuwa amezikwa mwaka juzi. Wa pili, mama yake Gikonyo, alikuwa Nyahururu, na Nyahururu haiko njia ya Kola.

"Hapo penye mbuzi," Kamanthe alisema taratibu, "panaitwaje? Kulikuwa na mtu alitaja jina?"

"Hapana. Lakini kulikuwa na kibao na mimi najua kusoma. Nilisoma kwa nguvu." Aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo uso wake ulikuwa wa mtoto. "M, a, s, i, i. Masii. Baba alisema nimesoma vizuri."

Njambi alikuwa amekwisha kusimama. Hakukimbia. Alitembea kuvuka nyasi mpaka pale mumewe alipokuwa na wazee wa kanisa, akamshika kola ya shati kwa mikono yote miwili.

"Mtoto wangu ako wapi?"

"Njambi, wacha—"

"Gikonyo. Mtoto ako wapi?"

Levi aliwatenganisha. Kamanthe alimwongoza mwanamume hadi nyuma ya gari la polisi, akamfunga pingu, akamwambia kwamba ana haki ya kunyamaza na kwamba atakalosema litaandikwa.

"Sikumuua," Gikonyo alisema.

"Sijasema umemuua. Nimesoma karatasi ya maabara. Nimeona gurudumu. Sasa nataka kujua ni wapi Masii."

Aliegemea gari, kidevu kimeshuka kifuani. Alipoanza kusema alisema kwa mpangilio, kama anayemweleza mwanafunzi namna ya kutoka kwenye barabara kuu.

"Soko la nguo. Upande wa chini, karibu na mama mmoja Mwislamu. Nilizunguka kwanza nikaangalia wauzaji. Huyo alikuwa amemfunika mtoto wa mteja asichomwe na jua. Nikaona huyo ni mtu. Nikamweka hapo. Nikaenda ng'ambo na Wanja, nikangoja kama dakika ishirini. Nikaona amempa maji. Ndio nikaondoka."

"Kwa nini Masii?"

"Hakuna mtu anatujua Masii."

"Na haya mahema, na mayowe? Ungesema tu amepotea sokoni."

"Mngeniuliza nilikuwa nafanya nini Masii."

Njambi alikuwa amewafuata. Alisimama upande wa pili wa gari, na boneti kati yao.

"Ni mimi nilikukosea," alisema. Sauti yake haikupanda. "Mara moja, ule mwaka uliniacha ukaenda kwenu miezi minne. Ungenifukuza. Ungenipiga hata. Yeye alikukosea nini?"

"Tangu Jumatano kila nikimwangalia—"

"Tangu Jumatano! Na hiyo miaka mitatu ulikuwa unaangalia nani?"

Kamanthe alifungua mlango wa gari la polisi.

"Ndani ya gari," alisema.

* * *

Alipiga simu kituo cha Masii akiwa bado anashuka kilima. Konstebo wa zamu alimsomea kitabu cha matukio: Jumamosi, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, mtoto wa kiume aliyepotea, umri miaka mitatu hadi minne, amevaa sandali moja ya kijani mguu wa kulia, anasema anaitwa "Dungu". Ameletwa na Bi Habiba, muuza nguo. Kwa kuwa kituo hakina mahali pa kulaza mtoto, amebaki naye mpaka Jumatatu afisa wa watoto atakapofika. Taarifa ilikuwa imetumwa Machakos asubuhi hiyo. Hakuna aliyeiunganisha na Kola. Kila mtu alijua kwamba mtoto wa Kola alikuwa amelala Kola.

"Nipe nambari ya huyo mama."

Aliipiga mara nne. Simu ilikuwa imezimwa.

"Tuma mtu nyumbani kwake," alimwambia konstebo. "Sasa hivi. Nangoja."

Jibu lilikuja walipokuwa wanapita Machakos mjini. Mlango wa Habiba ulikuwa na kufuli. Jirani alisema aliondoka alfajiri na yule mtoto, na hakusema anakokwenda.

Kamanthe aliweka simu mapajani. Njambi alikuwa kiti cha nyuma, na Wanja amelala juu yake. Kwenye kioo macho yao yalikutana.

"Wamesema nini?"

Kamanthe alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na mmoja, na alijua kuna majibu ambayo mtu hutoa ili ajisaidie mwenyewe.

"Jana jioni alikuwa mzima," alisema. "Alikuwa na mtu aliyempeleka polisi. Leo asubuhi huyo mtu ametoka naye nyumbani na hatujui wako wapi. Hayo ndiyo ninayoyajua."

Njambi alitikisa kichwa kukubali. Mkono wake uliendelea kupapasa nywele za Wanja, na haukuacha mpaka walipoona kibao cha Masii.

Soko la Jumapili lilikuwa nguzo tupu. Upepo ulikuwa unasukuma mifuko na maganda ya miwa kati ya vibanda, na mavi ya mbuzi yalikuwa yamekauka hadi kwenye lami. Gari la Levi, lenye Gikonyo ndani, lilifuata nyuma polepole. Kamanthe alitaka aonyeshe mahali kamili. Mahakama ingehitaji hilo, mtoto awe amepatikana au hajapatikana.

Upande wa chini, kibanda kimoja kilikuwa wazi.

Mwanamke wa makamo mwenye buibui alikuwa ameketi chini ya mwavuli mkubwa, na mbele yake rundo la nguo lililofunikwa kwa turubai, kwa maana hakuwa amekuja kuuza. Kando yake, juu ya kreti ya soda iliyogeuzwa, palikuwa na mtoto amevaa fulana iliyomfika vifundoni. Mguu mmoja ulikuwa na sandali. Mwingine ulikuwa umefungwa kitambaa safi.

Njambi alitoka kabla gari halijasimama.

Habiba aliinuka, akatazama sare ya Kamanthe, akamtazama mama aliyepiga magoti kwenye vumbi, na mabega yake yakashuka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilikuwa naogopa hakuna mtu atakuja."

"Simu yako imezimwa, Mama," Kamanthe alimwambia. "Tumekutafuta nyumbani."

"Stima ilipotea jana, haina chaji. Nisamehe. Ni huyu bwana mdogo aliyeniamsha. Jana nilimtoa hapa kwa nguvu, analia, ameumiza mguu kwa kunipiga mateke. Leo alfajiri ameshika nguo yangu ananivuta mlangoni. Anasema baba yake alimwambia akae hapa, asisonge, hadi arudi. Nikafikiria, kama kuna mtu anamtafuta, si ataanza hapa? Nikamrudisha. Hajatoka kwa hiyo kreti tangu saa kumi na mbili. Hata uji amekunywa hapo."

Ndungu alikuwa amekubali kukumbatiwa. Alijua harufu ya mama yake, na alilaza shavu kwenye sweta yake ya kazini. Lakini macho yake yalikuwa wazi, yanapita juu ya bega lake, yakitafuta.

Levi alimshusha Gikonyo hatua kama thelathini kutoka hapo. Kamanthe alikuwa ametoa amri hiyo akiwa garini, wakati ambapo hakujua watakuta nini, na sasa hakupata nafasi ya kuitengua.

"Onyesha mahali ulipomwacha," Levi alisema, daftari mkononi, kama alivyofundishwa.

Gikonyo aliinua mikono yake yote miwili, maana haikuweza kuinuka mmoja mmoja, akainyoosha kuelekea kwenye kreti.

Mtoto akaona mikono ikimnyooshewa.

"Baba!" alipiga kelele. "Baba, nilikaa! Sikusonga!"

Alimponyoka mama yake, akakimbia kwa mguu mmoja wenye kiatu na mwingine wenye kitambaa, akipita kati ya nguzo tupu. Kamanthe alikuwa karibu. Angeweza kumdaka. Alinyoosha mkono, kisha ukabaki hewani, na mtoto akapita chini yake.

Gikonyo alianguka magotini. Ndungu aliingiza kichwa kati ya mikono iliyofungwa, akajisukuma ndani mpaka pingu zikawa nyuma ya mgongo wake, akashika shati lililochomekwa na kulichomoa.

"Nilikaa," aliendelea kusema. "Nilikaa tu."

Njambi alifika, akasimama juu yao, mikono imening'inia. Alitaka kumtoa mwanawe hapo, na hakukuwa na namna ya kumtoa. Mikono ya mwanamume ilikuwa imemzunguka na mnyororo wa pingu haukuwa na mwisho.

Levi hakungoja kuambiwa. Aliweka daftari chini kwenye vumbi, akaanza kujipapasa mifukoni akitafuta ufunguo wa pingu.